Mtoto Akipooza Ghafla, Tusimsingizie Dege

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kama ilivyo pwani yote na visiwani, mtoto akikakamaa ghafla au akilegea upande mmoja, wengi wetu hutamka neno moja tu: degedege. Imani ya kale husema kwamba dege amepita juu ya mtoto akamdhuru. Mara nyingi huwa ni homa kali au malaria iliyopanda kichwani, nayo dawa yake iko hospitali. Lakini yapo maradhi mengine, ya nadra, yanayojificha chini ya jina hilo.

Wako watoto ambao mishipa ya damu ya ubongo wao haikuumbika sawasawa. Damu, badala ya kupenya taratibu katika vijishipa vyembamba, hukimbia kwa nguvu kutoka ateri hadi vena, na mshipa huweza kupasuka. Wengine mishipa yao mikubwa husinyaa kidogo kidogo. Maradhi hayo Wajapani waliyaita moyamoya, kwani vijishipa vinavyoota kusaidia huonekana katika picha kama ukungu wa moshi. Hali ya namna hiyo huwapata pia baadhi ya watoto wenye selimundu, ugonjwa ulioenea nchini mwetu.

Hatari kubwa ni hii: dalili huweza kuja na kupita. Mkono hulegea, mdomo hupinda, ulimi huwa mzito. Baada ya muda mfupi mtoto huinuka akacheza. Ikiwa amefukizwa, sifa humwendea mganga. Kumbe lile lilikuwa onyo, na kiharusi kamili huweza kufuata. Dua ni ibada, wala haimzuii mzazi kumpeleka mwanawe hospitali siku ile ile, hata kama amekwisha simama.

Kwa watumishi wa Serikali tunasema haya. Kutoka Nachingwea hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500. Ndugu zetu wa visiwani wana bahari ya kuvuka. Mkulima wa korosho au mvuvi hawezi safari hiyo peke yake. Zahanati zisiandike degedege na kufunga daftari; rufaa itolewe mapema, na usafiri upatikane. Watoto wenye selimundu wapimwe mwendo wa damu ya ubongo kwa mtambo wa mawimbi ya sauti, kwani kipimo hicho huonyesha hatari kabla ya kupooza, na haidroksiurea au kuongezewa damu huipunguza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu ni maisha ya mtoto.