Je, Mja Aweza Kumkasirikia Mola Wake?

"Mwalimu, ni dhambi kumkasirikia Mungu?"

Swali hili niliulizwa miaka kadhaa iliyopita na mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya upili huku Njoro, saa za jioni, wenzake walipokuwa wakikimbilia uwanjani. Baba yake alikuwa amekodi ekari nne akapanda ngano. Majuma machache kabla ya mavuno mashina yaligeuka rangi ya matofali, yakavunjika, na punje zikasinyaa hata mwenye mashine ya kuvunia hakuona haja ya kuingia shambani. Ilikuwa kutu ya shina. Usiku ule jamaa nzima ilipiga magoti na baba akamshukuru Mungu kwa yote. Kijana aliitikia amina, lakini, kama alivyoniambia mwenyewe, midomo ndiyo iliyosali.

Nilimjibu upesi, kama tujibuvyo walimu tunapobanwa: mja hana haki ya kumhoji Muumba wake. Akasema ahsante, akaenda zake. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile.

Wanafunzi wa fasihi wanamjua Ayubu kwa subira, na Utendi wa Ayubu umemweka kuwa kielelezo cha subira hiyo. Lakini mwenye kukifungua kitabu cha Ayubu katika Biblia hukuta pia mtu mwenye maneno makali, anayeilaani siku aliyozaliwa na kudai kesi yake isikizwe. Wenye kunena kwa adabu ni wale rafiki zake watatu. Wao humtetea Mungu kwa kumsingizia mgonjwa dhambi asizozitenda. Na ajabu ni kwamba mwishoni Mungu huwakasirikia watetezi wake hao, akisema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, kisha huwaagiza waombewe na Ayubu yuyo huyo! Yona naye aliulizwa na Mungu kama anatenda vyema kukasirika, akajibu bila haya kwamba anatenda vyema, hata kufa. Hakupigwa na radi kwa jibu hilo. Aliulizwa swali jingine.

Ndugu zetu Waislamu wanalo fundisho lililo karibu na hili. Katika Kurani, Nabii Yakubu aliyetenganishwa na Yusufu alishika subira njema, na bado alihuzunika hata macho yake yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu, alijibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu tu. Kumbe subira na mashitaka vyaweza kukaa katika kifua kimoja.

Wapo watakaosema kwamba mlango huu ukifunguliwa, kufuru itaingia. Hofu yao ina msingi. Hata hivyo, anayemlalamikia Mungu bado amemwelekea. Hasira isiyosemwa mahali pake hutafuta mahali pengine: kwa mke, kwa mtoto, kwa punda. Sisi walimu twalijua hili kuliko tunavyopenda kukiri. Kabla kiboko hakijapigwa marufuku shuleni mwaka 2001, ni watoto wangapi waliocharazwa kwa sababu tu mwalimu alikuwa na uchungu wake wa nyumbani?

Unyenyekevu nao una mahali pake. Ayubu alipojibiwa hakuelezwa sababu ya mateso yake. Alionyeshwa tu ukubwa wa yale asiyoyajua, akaweka mkono kinywani. Lakini aliuweka baada ya kusema yote yaliyokuwa moyoni.

Kutu si mgeni Njoro. Lord Delamere, mlowezi aliyemilikishwa hapa ardhi kubwa mwanzoni mwa karne ya 20, aliharibiwa ngano na kutu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, akamwajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu stahimilivu. (Namna ardhi ile ilivyopatikana ni habari nyingine, nayo asitwikwe Mungu.) Karibu miaka mia baadaye ikaja aina iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ikaangusha mbegu zilizoaminiwa. Tangu mwaka 2005 kituo cha utafiti cha hapa Njoro kimekuwa kikipanda ngano kutoka nchi nyingi na kuiambukiza kutu makusudi, ili ile isiyoanguka ijulikane. Vumbi la kutu huletwa na upepo. Mkulima aliyepatwa nalo hana jirani wa kumlaumu, na uchungu wake hauna pa kupelekwa ila juu.

Iko huzuni nyingine ya Njoro ambayo haikuletwa na upepo. Namaanisha ile ya mapigano ya miaka ya mwanzo ya 1990, ya Januari 1998 baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 1997, na ya mwanzoni mwa 2008. Nyumba zilichomwa, watu wakalala katika nyua za makanisa, na mwaka 2008 maelfu wakahifadhiwa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Katika mazishi ya namna hiyo huambiwa wafiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu. Maneno haya husemwa kwa nia ya kufariji, lakini juu ya mtu aliyechomwa mshale na mwenzake ni kumshuhudia Mungu uongo. Tume ya Jaji Akiwumi, na baadaye ile ya Jaji Waki, zilichunguza matendo ya wanadamu. Mwaka 1992 maaskofu Wakatoliki, akiwamo Ndingi Mwana a'Nzeki aliyekuwa wa Nakuru wakati huo, hawakuyaita mapigano yale mapenzi ya Mungu. Waliinyoshea serikali kidole.

Kwa hiyo nilimwita yule kijana tena, nikamwambia kwamba jibu langu la awali halikuwa kweli. Nilimwambia aseme alichonacho, na asimwongezee Mungu lawama za watu wala asimpunguzie zile anazodhani ni zake. Juma lililofuata alikuja na habari. Usiku mmoja alikuwa amesali kwa sauti mbele ya wote, akamwambia Mungu kwamba amekasirika na haelewi.

"Na mzee?" nikamwuliza.

"Alinyamaza sana, mwalimu. Kisha akasema amina. Asubuhi akanituma kituoni nikaulizie mbegu."

Alinionyesha karatasi aliyoandikiwa bei. Ilikuwa juu ya uwezo wao.