Daraja "Litafungwa": Maneno ya Usafiri wa Mjini na Daraja Lililozeeka

Iliwahi kutufikia mezani rasimu ya tangazo, ikiombwa isahihishwe Kiswahili chake. Ilisema: "Daraja la muda litafungwa Jumamosi asubuhi; wananchi mnaombwa kuwa na subira." Niliisoma mara tatu. Je, daraja lingewekwa ili watu wapate kupita, au lingezuiwa watu wasipite? Mhandisi aliyeiandika alikusudia la kwanza. Kwake yeye kufunga ni kuunganisha vipande vya chuma kwa bolti na nati hata daraja lisimame, kama fundi afungavyo mtambo. Lakini mfanyakazi atokaye Magomeni alfajiri kwenda mjini angefahamu la pili, akazunguka njia ndefu bila sababu. Neno lenyewe halina kosa. Ni Kiswahili safi kwa maana zote mbili. Kosa ni kuliacha peke yake mahali ambapo maana hizo zinapingana.

Mambo ya namna hii yamezidi kujitokeza tangu mipango ya usafiri wa mijini ianze kuandikwa na kujadiliwa kwa Kiswahili. Mfano ulio karibu nasi ni Jangwani, Dar es Salaam. Hapo Barabara ya Morogoro hukata bonde la mto Msimbazi, na tangu Mei 2016 mabasi ya awamu ya kwanza, yatokayo Kimara kwenda Kivukoni, hupita hapo hapo. Mvua kubwa zinaponyesha, maji hupanda juu ya barabara, mabasi husimamishwa, na maelfu ya watu hushindwa kufika kazini au kurudi kwao.

Katika habari na taarifa nyingi daraja hilo huitwa "chakavu". Neno hili lapendwa mno na watafsiri, nami nadhani lapendwa kwa sababu halimsumbui mtu kufikiri. Kuchakaa ni kulika kwa mwili wa kitu: nguo hupauka na kutatuka, zege hupasuka, nondo zilizomo ndani hupata kutu. Kuzeeka ni kuwa na miaka mingi, na daraja laweza kuzeeka likiwa zima. Ugonjwa mkubwa wa Jangwani ni wa tatu. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, huteremka na mchanga na tope, na ufikapo kwenye tambarare hupunguza mwendo na kuutua mzigo huo. Kina cha mto hupungua mwaka hadi mwaka, na nafasi iliyo chini ya daraja, yaani uwazi wa kupitishia maji, huzidi kuwa ndogo. Hata kama daraja la kimo kile kile lingejengwa jana, maji yangelipanda. Daraja hili limeelemewa.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Msomaji akiambiwa daraja ni chakavu, dawa imjiayo akilini ni ukarabati: kuziba nyufa, kubadili vyuma, kupaka rangi. Akiambiwa limeelemewa, hufahamu kwamba hapana budi lije daraja refu zaidi na la juu zaidi, na kwamba bonde lenyewe lazima lishughulikiwe. Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umeyaweka mambo hayo pamoja: daraja jipya la Jangwani, kazi za mtoni, na kuwahamisha wakazi wa maeneo ya chini kwa fidia. Mkazi aliyesikia siku zote kwamba daraja "limechakaa" ana haki ya kuuliza kwa nini nyumba yake iondolewe kwa sababu ya ufa wa daraja. Neno lisilofaa limemnyima sababu ya kweli.

Kutoka hapo twaingia katika vitenzi vya kazi yenyewe, navyo huchanganywa ovyo. Kutengeneza ni kuondoa hitilafu. Kukarabati ni kulirudisha daraja zima katika hali yake njema. Kuimarisha ni kuliongezea nguvu ambazo halikuwa nazo. Kujenga badala ni jambo jingine kabisa. Huko Mombasa, daraja la kuelea la Nyali lililotumika tangu 1931 liliacha kutumika baada ya daraja la zege kufunguliwa mwaka 1980: jipya lilishika nafasi ya la zamani. Lakini Daraja la Selander, lililo kwenye mlango wa mto huo huo wa Msimbazi, halikuondolewa. Mwaka 2022 lilifunguliwa Daraja la Tanzanite, lipitalo juu ya bahari kwa urefu wa kilomita moja hivi, ili kulipunguzia mzigo. Hilo halikuwa badala. Ni daraja saidizi, na yafaa liitwe hivyo.

Tuepuke pia "kupandisha daraja" pale ambapo kusudio ni kuongeza kimo. Watumishi wa serikali wanajua vema kupandishwa daraja ni kitu gani, na wengine wamekingoja kwa miaka mingi. Tuseme kuinua daraja.

Limebaki neno "abiria". Hati za mipango huzungumzia watu wanaosafiri kila siku baina ya nyumbani na kazini, shuleni au sokoni, nasi huwaita abiria. Lakini abiria ni aliyepanda chombo. Wapo wengi waendao kwa miguu au kwa baiskeli, na mpango ukihesabu abiria tu, njia ya miguu juu ya daraja ndiyo hupunguzwa kwanza. "Msafiri wa kila siku" ni maneno manne badala ya moja, lakini hayamwachi mtu nje.

Wananchi wenyewe hawatungoji. Daladala walilipa jina lake katika miaka ya 1980 kutokana na dala, yaani shilingi tano za nauli, na hakuna aliyelisahihisha. Mabasi Yaendayo Haraka nayo wameyaita mwendokasi. Jina hilo ni zuri, ila "ajali za mwendokasi" sasa zaweza kuwa za mabasi hayo au za madereva wakimbizao magari. Katika hati za usalama barabarani tuandike "basi la mwendokasi" kwa la kwanza na "kuzidisha mwendo" kwa la pili.

Ama lile tangazo, lilirudi kwa mwenyewe likisomeka hivi: "Daraja la muda litasimikwa Jumamosi asubuhi. Kuanzia saa nane mchana waendao kwa miguu wataweza kupita. Magari yataendelea kutumia njia ya mchepuko."