Njia ya Kaskazi

Wanangu, Dubai imekaa kando ya bahari, maji mbele yake mpaka upeo wa macho, na bado mvua yake ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki hata milimita 150. Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, nacho kimezungukwa na bahari, lakini mvua yake hupita milimita 2,000. Kwa nini huku watu wachuje chumvi ya bahari ndipo wapate maji ya kunywa, na kule vijito viteremke milimani? Nilipanda meli ya kitalii pale Dubai nikiwa na swali hilo kichwani, tukashuka nayo kusini mpaka Unguja.

Jibu lake liko angani. Karibu na ikweta jua hupiga wima. Hewa hupata moto, hubeba mvuke wa bahari na kupanda juu. Huko juu kuna baridi, mvuke hugeuka mawingu, na mvua hunyesha. Hewa hiyo ikishamwaga maji yake haitulii. Husafiri juu kwa juu, nyingine kuelekea kaskazini, nyingine kusini, kisha hushuka tena. Kwa upande wa kaskazini hushukia Arabuni na Sahara. Inashuka ikiwa kavu kama kitambaa kilichokamuliwa, na kadiri inavyoshuka inazidi kupata joto, mawingu yakashindwa kujikusanya. Kwa hiyo neema ya visiwani na ukame wa jangwani ni mambo mawili ya safari moja.

Wageni wengi huenda Dubai kutazama Burj Khalifa, jengo la mita 828 lililofunguliwa mwaka 2010. Nami nililitazama mpaka shingo ikauma. Lakini nyinyi nawapeleka mtaa wa zamani wa Al Fahidi, kando ya hori la Dubai, ambako mpaka leo majahazi hutia nanga na kupakia bidhaa. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na juu zina minara ya kunasa upepo na kuuteremsha vyumbani, maana hapakuwa na umeme wala feni. Ingia ndani, uinue macho utazame dari. Miti ile iliyopangwa safu moja ni boriti za mikoko. Jangwa halina msitu wa kutoa miti ya namna hiyo. Ilikatwa Lamu na kwenye delta ya Rufiji, ikapakiwa majahazini, ikavuka bahari. Na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, mita tatu hivi, vyumba navyo vikawa vyembamba na virefu. Fikirini: mkoko wa Lamu ndio uliopanga upana wa chumba alicholala mtoto wa Dubai! Jambo hilo lilinigusa kuliko vioo vya maghorofa yote.

Tulipita mlango wa Hormuz usiku. Asubuhi nyingine tukaamkia Muscat, mji uliobanwa kati ya milima mikavu ya rangi ya kahawia na maji, na juu ya miamba ngome za Jalali na Mirani ambazo Wareno walizijenga karne ya 16. Katika soko la Mutrah moshi wa ubani umejaa kila uchochoro. Ubani ni utomvu. Huko Dhofar, kusini mwa Oman, watu huchanja gamba la mti, ukatoka matone meupe yanayoganda. Muuzaji mmoja, mzee wa makamo ya babu yenu, alinisikia nikihesabu fedha kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia alipogeuka.

"Marahaba, mwanangu. Mimi mtoto wa Pemba." Kisha akauliza tunaelekea wapi, akacheka kwa furaha. "Basi mtakuwa na kaskazi mgongoni."

Alisema kweli. Kuanzia Desemba bara la Asia hupoa, hewa yake huwa nzito, ikateremka kuelekea bahari yenye joto ya kusini. Hiyo ndiyo kaskazi. Baada ya masika mambo hugeuka: Asia hupata moto, na kusi huvuma kurudi juu. Mabaharia wa Ghuba walishuka na kaskazi wakiwa na tende na samaki wakavu, wakarudi na kusi wakiwa na boriti na karafuu. Ukikosa upepo wako, unasubiri miezi.

Usiku, mbali na taa za mji, nilipenda kusimama sitahani nikitazama Nyota ya Kaskazini. Nyosha mkono, ukunje ngumi: upana wa ngumi ni kama nyuzi kumi za anga. Muscat nyota hiyo iko juu ya bahari kwa ngumi mbili na zaidi kidogo. Kila tulivyoshuka kusini nayo ilishuka, mpaka ikazama kabisa tulipovuka ikweta. Kwa kipimo cha vidole namna hiyo manahodha wa zamani, akiwemo Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, walijua wamefika wapi.

Shelisheli ilitupokea kwa mvua. Mahé ina miamba mikubwa ya matale yenye umri wa miaka milioni 750 hivi, masalio ya bara la kale lililopasuka na kuiachia India iende zake. Kwenye kisiwa cha Praslin kuna mnazi ambao kokwa yake moja inaweza kufika kilo 25, na huchukua miaka sita au saba kukomaa. Uzuri huo wote haukuwa faraja kwa kila aliyeletwa. Waingereza waliwahamishia huko wafalme wawili, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, mwaka 1899. Mwanga alifia huko mwaka 1903, mbali na watu wake.

Karibu na maji hayo hayo, Oktoba 1856, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifariki melini akitoka Muscat kwenda Unguja, katika njia tuliyokuwa tukiipita sisi. Mwanawe Barghash alikuwa naye, akauleta mwili wa baba yake kuzikwa Unguja. Barghash alitawala Unguja kuanzia mwaka 1870, akajenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, jumba ambalo wanaoingia bandarini kwa meli huliona kabla hawajashuka. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Nendeni mkalitazame, na muulize habari za boriti zake.