Mukono wa Mohamed Amin

Hapa Kamina, mutu akirudi toka machimbo bila mukono, watu wanasema kazi yake imeisha. Tuangalie Mohamed Amin, mupiga kamera wa televizio, muzaliwa wa Nairobi. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilitikisa dunia. Mwaka 1991, kule Addis Ababa, depo ya masasi ililipuka, akapoteza mukono wa kushoto. Alipata mukono wa bandia, akarudia kamera yake mpaka 1996, alipokufa ndani ya ndege iliyotekwa, ikaanguka baharini karibu na Komoro.

Amin alikuwa patron wa kampuni yake, Camerapix. Nani angemufukuza? Sisi tuko na bapatron. Njo maana, bandugu, mukono wa bandia na kazi ya kurudilia viandikwe ndani ya mapatano mbele ya ajali, hapana nyuma.