Moshi, Kondo la Nyuma na Kifafa cha Mimba

Msasani, katika mwambao wa kaskazini wa jiji la Dar es Salaam, ni mahali pa wavuvi tangu zamani na pia pa majumba ya kisasa. Hapo ndipo ilipo Hospitali ya CCBRT, yenye jengo la uzazi linalohudumia hasa akina mama wenye mimba za hatari. Mimba huhesabiwa kuwa ya hatari ikiwa, kwa mfano, mama aliwahi kupata kifafa cha mimba, ana shinikizo la damu la siku nyingi, kisukari au ugonjwa wa figo, ama amebeba mapacha. Kwa mama wa namna hiyo swali la tumbaku si dogo, na jibu lake limefungamana na kitendawili kilichowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi.

Ugonjwa wenyewe

Kwa kawaida kifafa cha mimba hutanguliwa na hali ambayo shinikizo la damu hupanda kufikia 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Mama aweza kuumwa sana kichwa, kuona maluweluwe, au kuvimba uso na mikono. Lakini pia aweza asihisi lolote. Hali hiyo isipodhibitiwa, degedege huweza kufuata, na maisha ya mama na mtoto yakawa hatarini.

Chanzo kikubwa kimo katika kondo la nyuma, kiungo kinachompatia mtoto chakula na oksijeni. Katika mimba ya kawaida, chembe za kondo hupenya mishipa ya tumbo la uzazi na kuipanua ili damu ipite kwa wingi. Mishipa isipopanuka vya kutosha, kondo hupungukiwa damu, nalo humwaga katika damu ya mama protini iitwayo sFlt-1. Protini hiyo hunasa vichochezi ambavyo mishipa ya mama huvihitaji ili ibaki na afya. Jambo hilo lilielezwa mwaka 2003 na watafiti wa Marekani, wakiwamo Sharon Maynard na Ananth Karumanchi.

Kitendawili cha sigara

Kwa kuwa sigara huharibu mishipa ya damu, mtu angetazamia wavutaji waugue zaidi. Kumbe sivyo. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha kwamba hali hii hutokea kwa wavutaji pungufu kwa takriban thuluthi moja. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden waliwalinganisha wavutaji na wanawake wanaoweka tumbaku chini ya mdomo bila kuiwasha. Upungufu ulionekana kwa wavutaji tu. Makundi yote mawili hupata nikotini. Kwa hiyo huenda jambo hilo linatokana na kitu kinachozaliwa na kuungua. Kinachoshukiwa ni kaboni monoksidi, ambayo katika maabara imeonekana kupunguza sFlt-1.

Je, mjamzito ashauriwe kuvuta? Hasha. Kaboni monoksidi hung'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo humnyima mtoto pumzi. Watoto wa wavutaji huzaliwa wadogo, mara nyingi zaidi huzaliwa kabla ya wakati au wakiwa wamekufa, na kondo huweza kubanduka mapema. Tena, utafiti wa Sweden wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mvutaji akipata hali hii katika ukali wake, mtoto wake huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wa asiyevuta. Mimba ambayo kondo lake ni dhaifu tangu mwanzo haina akiba ya kupoteza.

Liko pia suala la hesabu. Mimba za wavutaji huharibika zaidi katika miezi ya mwanzo, na mimba iliyoharibika haifiki wiki ya 20 ili ihesabiwe. Ni sawa na kusifu matokeo ya darasa bila kuwahesabu wanafunzi walioacha shule kabla ya mtihani. Kwa hiyo sehemu ya ile "kinga" yaweza kuwa ni kivuli cha namna ya kuhesabu tu.

Moshi wa wengine

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Tanzania wanaume 14.6 katika kila 100 walitumia tumbaku, na wanawake 3.2 tu. Kwa hiyo mama wengi hufikiwa na moshi wasiouwasha wao: wa sigara ya mume, au wa mkaa na kuni jikoni. Mwaka 2017 ilitolewa taarifa ya utafiti uliowapa wajawazito wa Dar es Salaam vifaa vya kupima hewa waivutayo, kisha makondo yao yakachunguzwa. Pale kaboni monoksidi ilipozidi, dalili za damu kuganda katika mishipa ya upande wa mtoto zilionekana zaidi.

Kinga ya kweli

Mwaka 2017 utafiti wa wanawake 1,776 wenye hatari kubwa, katika nchi za Ulaya na Israel, ulionyesha kwamba aspirini kidogo kila siku, ikianzwa mapema kwa amri ya daktari, hupunguza hali hii inayotokea kabla ya wiki ya 37 kwa asilimia 62. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam waliobeba mimba ya kwanza. Kalsiamu miligramu 500 kwa siku haikuwa duni kuliko miligramu 1,500 katika kuzuia hali hii. Nayo magnesiamu salfeti, kwa ushahidi wa mwaka 2002 kutoka nchi 33, hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu.

Dawa hizo zote hudai jambo moja kwanza: mama afike kliniki mapema, apimwe shinikizo na mkojo kila mara. Nyumbani, mume na azime sigara yake, na jiko la mkaa litolewe nje penye upepo.