Haidroksaidi za Kalsiamu na Chuma: Kutengenezwa na Uthabiti Wake

Kuta za magofu ya Kaole, karibu na mji wa Bagamoyo, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na baada ya karne kadhaa sehemu zake bado zimesimama. Lakini chokaa iliyozimwa, ukiiacha kwenye mfuko uliofunguka, huharibika na haifai tena kujengea. Mambo haya mawili yana sababu moja.

Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Yakichomwa tanurini kwa joto la takribani 900 °C:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kila kilo 100 za kaboneti hutoa kilo 56 za oksaidi. Kilo 44 huenda hewani. Mmenyuko huu unaweza kurudi nyuma, hivyo tanuri lazima lipitishe gesi. Kisha chokaa huzimwa kwa maji:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Joto linalotoka hapa linaweza kuchemsha maji, na chokaa inayoruka hupofusha. Usiinamie ndoo.

Haidroksaidi hiyo haitulii penye kaboni dioksaidi:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Ukutani ni faida, maana chokaa inarudi kuwa jiwe. Mfukoni ni hasara. Ukiulizwa kwa nini chokaa ya ukutani hugumu, usijibu "kwa sababu inakauka" ukaishia hapo. Andika mlinganyo.

Sasa tuongeze chuma. Unakumbuka kutoka maabara kwamba Fe³⁺ hutoa mashapo ya rangi ya kahawia nyekundu kwa sodiamu haidroksaidi na hata kwa amonia. Ca²⁺ hutoa mashapo meupe kwa sodiamu haidroksaidi, lakini kwa amonia haitoi, kwa kuwa ioni za OH⁻ katika amonia ni chache mno. Kwa hiyo anayetaka ioni hizi mbili ziingie katika kiwanja kimoja hutumia alkali kali na ya kutosha. Vinginevyo chuma kitatangulia kushuka peke yake.

2CaCl₂ + FeCl₃ + 6NaOH + 2H₂O → Ca₂Fe(OH)₆Cl·2H₂O + 6NaCl

Kiwanja hiki kimepangika tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari. Hesabu chaji: Ca²⁺ mbili na Fe³⁺ moja ni +7, OH⁻ sita ni −6. Tabaka linabaki na +1, na Cl⁻ iliyokaa katikati ya tabaka pamoja na maji ndiyo inayoisawazisha. (Hesabu kama hii ni mazoezi mazuri kuliko kukariri fomyula.) Viwanja vya jamii hii, hasa vyenye alumini pamoja na chuma kidogo, hutokea pia ndani ya saruji inapochanganywa na maji, ikiwemo ile ya Wazo Hill.

Uthabiti wake unafanana na wa chokaa. Kaboni dioksaidi ikiingia, kalsiamu huvutwa itoke kwenye tabaka iwe CaCO₃, na chuma hubaki kama haidroksaidi ya kahawia. Ndiyo maana maji ya kutengenezea huchemshwa kwanza, ili gesi iliyoyeyuka itoke, na chombo hufunikwa.

Kupima kama sampuli imeharibika, dondoshea asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Sampuli nzima huyeyuka bila povu. Iliyoharibika hutoa mapovu, na gesi yake huyageuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa.