Maumivu ya Mtoto, Mateso ya Nyumba

Twasema maumivu, twasema mateso, na mara nyingi twayachukua maneno haya kuwa kitu kimoja. Wazazi wenye mtoto wa SS wajua kwamba sivyo.

Ugonjwa huu huitwa pia selimundu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu, zilizopaswa kuwa laini na za mviringo, hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndipo mtoto hulia kwa mifupa, kwa kifua, kwa tumbo. Hayo ni maumivu, na hotuba yetu haiyaondoi.

Lakini tutazame yanayofuata. Ukoo wa mume hukutana kuuliza ni nani aliyemroga mtoto. Nyanya aliyembeba mgongoni hutazamwa kwa jicho baya. Mama huambiwa kwamba tumbo lake lazaa makaburi, na pengine hurudishwa kwao. Mtoto ayasikia yote kitandani, akaanza kusadiki kwamba yeye ndiye balaa ya nyumba. Mateso hayo hayakutoka katika damu yake. Ni sisi wakubwa tuliomwongezea.

Tangu mwaka 1949 wataalamu wajua jinsi ugonjwa huu unavyorithiwa. Mtoto huupata akipokea urithi huo kwa baba na kwa mama pia, nao wenyewe mara nyingi ni wazima. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Mume anayemshitaki mkewe, basi, na ajishitaki kwa sehemu iliyo sawa! Mchawi hana nafasi katika hesabu hiyo.

Tena, kukubali si kukunja mikono. Mama aliyekubali humpa mtoto maji mengi, humkinga na baridi, humlaza ndani ya chandarua kwa sababu malaria huamsha maumivu. Na homa ikipanda hangoji kesho, humpeleka kwa daktari. Dawa ya hidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, na vifo pia.

Hata hivyo usiku mbaya hurudi, na mtoto huuliza, «Mama, kwa nini mimi?» Wengine hutafuta majibu marefu. Tunamsifu zaidi mama anayeukanda mguu kwa kitambaa cha moto na kusema, «Yauma, mwanangu, najua. Niko hapa.» Baba naye aketi hapo, maana katika nyumba nyingi mno usiku ule huachiwa mama peke yake.